Nikate paini ya miaka 9 nipande parachichi, au nivumilie?

Mzee_wa_Ukungu:
Wakuu habari za jioni. Nina ekari 5 za paini huku Mufindi, zina miaka 9, amekuja dalali anataka miti ya shamba zima kwa mkupuo, kazunguka nusu saa tu katoa bei. Ada za watoto zimenibana kwelikweli na jirani zangu wengi wameshang'oa wanaweka parachichi. Bondeni kuna kijito, tulipanda milingoti (mikaratusi) pembeni yake enzi za marehemu baba, siku hizi kikifika Oktoba kinabaki tope. Nifanyeje?

fundi_mbao:
Mkuu usiuze shamba kwa macho, hapo ndo watu wanalia. Kodi kijana na tepu, hesabu miti, pima vipenyo. Mti wa inchi 10 una ujazo mara nne ya wa inchi 5 hata urefu ukiwa sawa, sasa wewe unataka kuuza wakati mti ndo unaanza kunenepa, na paini ya mbao ya maana ni miaka 18 kwenda juu. Najua utaniambia ada haingoji miaka 9 mingine. Punguza basi, toa ile dhaifu na iliyopinda, viwanda vya Mafinga vya plaiwudi vinachukua magogo membamba, inayobaki inapata nafasi. Na muulize dalali usafiri na vibali analipa nani, maana bei tamu huwa inaishia hapo.

Dada_Hass:
Parachichi naijua, ninayo. Wanaokuambia utajiri hawakuambii kwamba miche ya kubebesha (iliyounganishwa) inaanza kukupa kitu mwaka wa 3 au wa 4, hapo katikati ni mbolea, samadi na maji ya kiangazi. Ekari moja kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 inaingia miche 80 na kidogo, we kokotoa ndoo ngapi kwa wiki. Sasa kijito chako Oktoba ni tope, utamwagilia na nini kaka? Ukitaka kuvuta maji kwa pampu utahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, huko kwetu ni Rufiji.

bonde_letu:
Mi naona mnajadili miti wakati mali yenyewe ni hicho kijito. Milingoti inakunywa hatari, na hapo ilipo haitakiwi kabisa, Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto hakuna shughuli za kudumu wala za kuharibu hifadhi yake. Anza kukata hiyo, uza nguzo, ada itapatikana. Ila milingoti ukikata inachipua tena, sio kama paini, kwa hiyo machipukizi uyavunje kila yakitoka la sivyo umefanya kazi bure. Halafu acha miti ya asili irudi yenyewe.

fundi_mbao:
Hapo bonde kanizidi, sikuwaza nguzo 😅

Mzee_wa_Ukungu:
Nimewaelewa. Leo nimeshuka na kamba, milingoti iliyo ndani ya hizo mita 60 nimehesabu 212, mingine imenyooka vizuri tu. Dalali nimemwambia asubiri, kakasirika kidogo. Dada Hass hiyo miche ya kubebesha unachukulia wapi, nataka 20 tu za kujaribia nyuma ya nyumba ambako maji ya kisima yapo?

Dada_Hass:
Njoo inbox.