Siku 2 nabishana na mashine, kumbe tokeni ya umeme ya mama ilikuwepo tangu Jumamosi. Makampuni ya simu turudishieni watu!

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuzificha. Anayeona uzi mrefu apite, ila kama ulishawahi kukatwa hela kwenye simu na huduma hukupata kaa hapa tuongee.

Jumamosi saa 1 usiku mama kanipigia kutoka Pangani, mita inalia, zimebaki uniti 2. Mama ana miaka 71, ana sukari, na kwenye friji kuna chupa 3 za insulini hazijafunguliwa, alizifuata mwenyewe Tanga mjini. Nikamwambia tulia mama nakununulia sa hivi. Nikaingia kwenye menyu ya pesa, namba ya mita, elfu 20, namba ya siri, tayari. Meseji ya kukatwa hela ikaingia pale pale. Tokeni, yani ile namba ya kuingiza kwenye mita, haikuja. Dakika 5, dakika 10, nusu saa, na mama kule kakaa na peni na ile kalenda ya ukutani ambayo huwa anaandikia kwa nyuma, maana tokeni ni tarakimu 20, mimi namsomea nne nne yeye anarudia, tumezoea hivyo miaka na miaka na hajawahi kukosea hata moja. Saa 2 na dakika 10 umeme ukakata, nikamsikia anasema "basi tena" huku anapapasa kutafuta tochi.

Kwenye simu yangu salio lililobaki ni 3,400. Kununua tena haiwezekani.

Nikapiga 100, huduma kwa wateja. Kwa Kiswahili bonyeza 1, nikabonyeza. Kujua ofa za bando bonyeza 1, kukopa salio bonyeza 2, huduma za pesa bonyeza 3. Nikabonyeza 3. Kuangalia salio, kubadili namba ya siri, kukopa pesa, kurudi menyu ya mwanzo bonyeza nyota. Sehemu ya mtu aliyekatwa hela HAKUNA. Nikachukua karatasi nikaanza kuichora ile menyu yote, kila namba inakupeleka wapi, nikaizunguka mara tatu. Kukopa kupo sehemu mbili. Kulalamika hakupo hata moja. Mhudumu nilimpata kwa bahati, yani siyo mhudumu bali foleni ya mhudumu, ukikaa kimya bila kubonyeza chochote inasema hujachagua chaguo sahihi mara tatu halafu ndo inakupeleka huko. Wahudumu wetu wote wanahudumia wateja wengine, simu yako ni muhimu sana kwetu. Muziki. Tangazo la mkopo. Muziki. Tangazo la mkopo. Dakika 47 nimeshika simu sikioni, dakika ya 48 ikakata yenyewe.

Mtandao siutaji na msinibembeleze niutaje, maana nikiutaja mmoja, watu wa mtandao mwingine watasema kwetu hakuna hayo, na humu ndani tuna laini mbilimbili tatutatu tunajua ni yale yale.

Sasa kilichonitoa machozi ni hiki. Mama alipoona nachelewa akaamua apige mwenyewe, na yeye ana simu ya vitufe. Ile sauti inasema karibu mpendwa mteja, mama anaitikia "ahsante mwanangu, samahani nakusumbua usiku huu, nina shida na umeme". Anaongea na mashine wakuu. Anaieleza shida yake yote toka mwanzo kama anavyomweleza mtu, na mashine inaendelea kumkata, bonyeza 1, bonyeza 2. Akijua kwamba inabidi abonyeze inabidi atoe simu sikioni, avae miwani, amulike tochi, atafute namba, akirudisha sikioni sauti imeshapita inamwambia hujachagua chaguo sahihi. Kaniambia "yule binti ana haraka sana, hanisikilizi". Mama yangu alifundisha shule ya msingi miaka 30 na kitu, nusu ya watu wa mtaa ule wamepita mikononi mwake, leo anaomba radhi kwa rekodi.

Na asije mtu hapa kusema wazee hawajui teknolojia. Mwaka 2024 si mnakumbuka zile mita za umeme zilitakiwa kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba? Ile haikuwa Tanzania peke yake, ni mita za tokeni za mfumo ule dunia nzima, zilikuwa zinahesabu dakika tangu mwaka 1993 na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa. Wakati ule ukinunua umeme ulikuwa unapata seti 3 za tarakimu 20, mbili za kusasisha mita na ya tatu ndo umeme wenyewe. Tarakimu 60. Mama kaziingiza zote peke yake, kwa mpangilio, hakukosea, halafu akaenda kuwaingizia majirani wawili. Kwa hiyo mwenye tatizo sio mama. Huyo anayeitwa mfumo kajengwa na mtu ambaye hajawahi kukaa na mtu mzima akamwangalia anavyoshika simu.

Haya, nikahamia WhatsApp, maana siku hizi wanakwambia tuandikie WhatsApp upate huduma haraka. Huko kuna roboti wamelipa jina la kike na picha ya dada anacheka. Nikaandika "nimenunua umeme hela imekatwa tokeni haijaja". Jibu: "Je, ungependa kununua umeme? Chagua kiasi". Nikaandika hapana nimeshanunua, tokeni haijaja. Jibu: "Samahani, sijaelewa ombi lako. Chagua moja kati ya huduma zifuatazo". Nikaandika NATAKA KUONGEA NA MTU. Jibu: "Samahani, sijaelewa ombi lako". Yani neno mtu hawajalifundisha lile roboti. Linajua mkopo, bando, bima, miito ya simu, neno mtu halilijui. Mwisho likaniomba namba ya kumbukumbu ya muamala, nikashukuru Mungu, nikakopi nikapesti, likaniambia ombi lako limepokelewa litashughulikiwa ndani ya masaa 72.

Masaa 72 na insulini iko kwenye friji limezima!

Jumapili alfajiri nikaandika kwenye ukurasa wao, chini ya tangazo lao moja. Hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu hapa ndo watu wanaliwa. Hazijafika dakika 3 nikajibiwa, akaunti ina nembo yao, rangi zao, "habari mpendwa mteja, pole kwa usumbufu, tutumie namba yako inboksi tukusaidie". Nikatuma. Mtu akanipigia kabisa, sauti ya kiume, mpole, ananiita dada, ananisikiliza mpaka namaliza, anauliza mama anaendeleaje. Ndio mtu wa kwanza aliyenisikiliza tangu jana yake. Halafu akasema ili tuurudishe muamala taja namba yako ya siri. Mkono ulikuwa tayari kuandika wakuu, nasema ukweli, nilikuwa nimechoka na nilikuwa nataka tu mtu. Nikakata. Kampuni yenyewe ilikuja kunijibu Jumatatu mchana, kwa mashine.

Mnaona hiyo hali? Tapeli ana binadamu wa kukupigia na kampuni haina. Kila siku tunatumiwa meseji tusitoe namba za siri, tutume namba za matapeli kwenda 15040, tuhakiki laini zetu kwa *106#, sawa kabisa, nafanya yote hayo. Lakini mtu aliyekwama usiku na hela yake akitafuta sauti ya binadamu, sauti inayopokea ni ya tapeli, na aliyemwachia tapeli kile kiti ni nyie mlioondoka.

Mama usiku ule alifanya walivyokuwa wanafanya zamani. Alichukua zile chupa 3 akazifunga kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, akaziweka ndani ya bakuli, bakuli akaliweka juu ya maji ndani ya mtungi, akaufunika kwa kitambaa kibichi. Akaamka mara mbili kulowesha kitambaa. Jumapili nikakopa elfu 10 kwa mfanyakazi mwenzangu nikamtumia, akatembea mpaka kwa wakala pale njia panda, wakala ni mtoto wa aliyekuwa mwanafunzi wake, tokeni ikatoka ndani ya dakika moja. Nesi wa zahanati alizitazama zile chupa akamwambia zitumike. Mimi sikulala.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, ni siku imepotea hiyo, nikaenda kwenye duka lao hapa Dar. Mlangoni kuna mashine ya kutoa namba ya foleni, nayo inauliza bonyeza huduma unayotaka, na malalamiko hayapo, nikabonyeza mengineyo. Masaa mawili kwenye kiti. Kuna baba mmoja pembeni yangu alituma laki na nusu ya ada ya mtoto kwa namba iliyokosewa tarakimu moja, anakuja kwa mara ya tatu. Nikaitwa. Dada wa kaunta akaandika namba yangu, akasogeza sogeza, akanyamaza, akaniambia hivi: "Dada, tokeni yako ipo. Ilitoka Jumamosi saa 1 na dakika 6. Meseji tu ndo haikwenda". Akanisomea tarakimu 20 pale pale kwenye kioo cha kompyuta yake.

Dakika 4. Nilitazama saa.

Tangu Jumamosi saa 1 na dakika 6 ile namba imekaa pale kwenye mashine yao. Mtu yeyote mwenye macho na kile kioo angeweza kunisomea kabla hata umeme wa mama haujakata. Yule dada hana kosa na nilimwambia ahsante kutoka moyoni, nilimuuliza kwa nini simuoni mtu kama yeye kwenye 100, akaangalia pembeni akasema tumepunguzwa.

Hilo ndo ninalotaka walisikie. Mwaka 2019 walipotaka alama za vidole za mama za kusajili laini, kabla laini zisizosajiliwa hazijafungwa Januari 20, 2020, walimfuata mpaka chini ya mwembe, kijana na kimashine chake, mama weka kidole hapa, mama bonyeza tena, mama kidole kimekauka lowesha kidogo. Watu walikuwepo. Ukitaka kununua laini leo kila mwavuli wa barabarani una kijana. Ukitaka mkopo wanakupigia wenyewe. Wakitaka kidole cha mama wanajua anapoishi, mama akitaka sikio lao anapewa rekodi.

Kuna watu wataniambia ndo dunia inakoenda, akili bandia na nini. Sawa, tuiangalie hiyo dunia. Februari 2024 huko Kanada abiria alishinda kesi dhidi ya Air Canada kwa sababu roboti la kwenye tovuti lilimpa maelezo ya uongo kuhusu nauli ya msiba, kafiwa na bibi yake. Shirika likajitetea kwamba lile roboti linawajibika lenyewe kwa matendo yake, baraza likakataa, likasema kilichoko kwenye tovuti yako ni chako, lipa. Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, mwaka huo huo wa 2024 walijisifu roboti lao linafanya kazi ya wahudumu 700, mwaka uliofuata wakasema wanaajiri tena binadamu kwa sababu ubora umeshuka. Hao ndo waliotangulia njia na wanarudi, sisi tunaikimbilia ile sehemu wanayoikimbia.

Mimi siichukii mashine. Kuangalia salio nataka mashine, saa 8 usiku sina haja ya kumwamsha mtoto wa mtu aniambie nina shilingi ngapi. Lakini hela ikishakatwa na huduma haijafika niruhusiwe kubonyeza 0 nimpate mtu, sio baada ya kutafuta njia za panya kwenye menyu, 0 ya kwanza kabisa, na hiyo 0 itangazwe mwanzo kabla ya ofa. Na muda wa kusubiri uwe na mwisho, ukipita wanipigie wao. Na masaa 72 ya mtu mwenye dawa kwenye friji yasiwe sawa na masaa 72 ya mtu aliyeomba wimbo wa muito.

Mama ile laini kaitoa kwenye simu kaifunga kwenye leso kaweka kabatini, anasema umeme atanunua kwa wakala kwa hela taslimu. Sijambishia.

Huduma za simu zipo chini ya TCRA, yani Mamlaka ya Mawasiliano, na miamala ya pesa kwa simu ipo chini ya Benki Kuu kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, kwa hiyo naandika barua mbili usiku huu, kila moja na skrinishoti za roboti, saa nilizopiga, na ile karatasi niliyochora menyu. Yule baba wa ada kanipa ruhusa niweke na habari yake bila jina. Nyie mliowahi kukatwa hela na kuzungushwa na mashine andikeni hapa chini tarehe, kiasi, na mlisubiri muda gani, mtandao msiutaje hapa, nitawaomba inboksi. Nazipeleka Alhamisi asubuhi kwa mkono, na nataka niambatanishe za watu wengi.