Eti nipake rangi tu!

Wakuu, yule bwana wa kofia nyeupe wa hao wanaochimba handaki mtaani kwetu, ambaye hakuna asiyemjua humu, leo amesimama mbele ya ukuta wangu uliopasuka, akachomeka kalamu yake kwenye ufa, ikazama hadi kwenye kishikizo, akaichomoa, kisha akaniambia, "Huu ni wa zamani, mama, paka rangi tu." Ufa ambao ng'ombe angepita na pembe zake, nipake rangi!

Handaki lao linapita chini yetu. Udongo unaoondolewa huzidi kidogo ujazo wa handaki lenyewe, kwa hiyo udongo wa juu hushuka kufuata pengo hilo, na nyumba iliyo pembeni huvutwa upande mmoja hadi kuta zikapasuka. Ndiyo maana kuta hupigwa picha kabla ya kazi kuanza, na vipimo vya kuonyesha kama ufa unapanuka hubandikwa juu ya nyufa. Kwangu hakikubandikwa hata kimoja! Ufa unaomeza kalamu nzima umezidi milimita 5, na kwa madaraja ya wahandisi wenyewe hapo uharibifu huitwa wa wastani, si wa kupaka rangi. London, walipochimba kituo cha Westminster miaka ya 1990, walidunga saruji ya majimaji ardhini ili mnara wa Big Ben usizidi kuinama. Mnara ulipewa saruji, mimi napewa rangi!

Jibu la 1: Kalamu tumeisoma, picha ya ufa iko wapi? Kama huna picha za kuta za kabla ya uchimbaji, yule bwana atakushinda hata mbele ya hakimu.

Jibu la 2: Afadhali wewe. Kwetu walivuta maji ya ardhini ili shimo lao libaki kavu, udongo wa mfinyanzi ukasinyaa, na sasa mlango wa mbele haufungi.

Jibu la 3: Msimcheke. Köln, Ujerumani, tarehe 3 Machi 2009, jengo la nyaraka za jiji liliporomoka kando ya uchimbaji wa reli ya chini ya ardhi, na watu wawili wakafa katika nyumba ya jirani.

Mleta mada: Ikazama hadi kwenye kishikizo, jamani!

Jibu la 4: Wewe wa mlango, usiruhusu fundi aukate sasa. Wetu ulikatwa, ukakwama tena, kwa sababu mfinyanzi huendelea kushuka muda mrefu baada ya wachimbaji kuondoka.

Jibu la 2: Umeshakatwa tayari, mkuu. Jana.