Mmea wa kutambaa unaonukia: asmini, mwafu au mbungo?

Mkazi_Kigamboni: Wakuu, nina uzio wa waya, mita kumi na mbili hivi, umekaa uchi. Nataka mmea wa kutambaa, unukie, halafu ulete ndege na wadudu. Mama watoto anataka asmini, mimi nawaza mbungo. Bogenvilia msinitajie, hainukii na miiba yake imenichana vya kutosha.

BintiPemba: Asmini kwa kikuba haina mpinzani. Ila asili yake ni Asia, na hizi tunazopanda majumbani hazizai. Ndege watakula harufu? Panda mwafu.

Mkazi_Kigamboni: Afu ipi tena, ya "afu ikawaje"? 😂

BintiPemba: Afu ni ua lake bwana! Asmini ya porini. Jani limegawanyika vijani vitatu, wakati asmini ya nyumbani ni jani moja zima.

Mzee_wa_Miche: Bi mdogo kasema kweli. Wa kwangu unaparamia banda la kuku. Kaa nao magharibi: maua meupe yanafunguka, harufu inapanda, mara nondo wakubwa wanakuja wanaelea hewani bila kutua, wanashusha ulimi mrefu hadi ndani ya mrija wa ua. Baadaye vinakuja vitunda vyeusi vinavyong'aa, ndege hawaviachi. Kitaalamu ni *Jasminum fluminense*. Jina hilo ni la Rio de Janeiro, maana aliyeuandika aliukuta Brazil, kumbe mmea ni wa Afrika! Kule Florida wanaulaani: ndege wanakula, wanaenda kuupanda msituni. Kwa hiyo na wewe uupogoe.

Tanga_Raha: Mimi bado niko na mbungo. Ua jeupe lenye koo la njano, linanukia hasa, na bungo unapata juisi. Kima nao wanalipenda.

Mzee_wa_Miche: Kwenye waya? Mbungo unapanda mti mpaka kileleni, uzio utalala chini. Na utomvu wake ukikudondokea kwenye shati, hilo ni la shamba moja kwa moja.

Mkazi_Kigamboni: Basi mwafu uzioni, asmini dirishani nyumba itulie. Mbungo nitauegesha kwenye mwembe wa jirani, sijamwambia bado. Mwenye vipande vya mwafu huku Kigamboni?

BintiPemba: Vya kununua vya nini? Angalia vichaka vya njiani, kata kilichokomaa kidogo, chomeka kivulini, mwagia.