Nimeambiwa nibadilishe pedi na diski magurudumu yote manne: hii bili ni halali?

Mwendapole (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Nina gari dogo la petroli, limeshatembea kilomita 118,000. Siku hizi nikikanyaga breki nikiwa kwenye mwendo wa 80 kwenda juu, usukani unatetemeka. Mwendo mdogo hakuna kitu. Halafu kuna mlio mwembamba unatoka mbele kushoto gari likiwa linatembea, nikigusa breki unakata.

Nimelipeleka gereji. Fundi kavua tairi moja, kachungulia, kasema pedi zimeisha na diski zimepinda, kwa hiyo tubadilishe pedi na diski magurudumu yote manne. Bili imeandikwa hivi: pedi za mbele, pedi za nyuma, diski mbili za mbele, diski mbili za nyuma, ufundi wa pedi, ufundi wa diski, mafuta ya breki, na mwisho kabisa "mengineyo". Ukijumlisha ni zaidi ya mara nne ya nilichojiandaa nacho, maana mimi nilijua ni pedi za mbele basi.

Naomba kujua, diski lazima ziende pamoja na pedi? Na kuna mahali napigwa hapo, au breki ndivyo zilivyo ghali? Sitaki kufanya ubahili kwenye breki, lakini kupigwa nako sitaki.

SpanaNamba13

Tairi limevuliwa moja, hukumu imetolewa kwa magurudumu manne. Mimi ningeshawasha gari nikaondoka.

Bi Gia

Mimi nitakuwa kinyume na wengi. Breki si mahali pa kubania. Ukishafungua badilisha vyote, ukae muda mrefu bila kuwaza. Ukiweka pedi mpya juu ya diski iliyochakaa, pedi zinaliwa ovyo, unarudi kulipa ufundi mara ya pili. Hiyo nafuu inakuwa nafuu gani?

FundiMkongwe

Kazi ya breki nimeifanya muda mrefu, naomba nieleze taratibu.

Bi Gia ana hoja kwenye ufundi wa mara ya pili. Lakini diski haibadilishwi kwa kuchungulia, inapimwa. Kila diski ina unene wake wa mwisho uliogongwa juu yake. Angalia kwenye kikombe cha katikati au kwenye ukingo, utakuta MIN TH na namba ya milimita. Kwa magari madogo mengi, kati ya diski mpya na ya kutupa kuna kama milimita 2 tu: inaanza na 22, ikifika 20 inatoka. Kipimo ni maikromita (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa), na unapima sehemu kadhaa kuzunguka diski. Ukiona anapachika vania ya kawaida (rula ya chuma yenye taya) pembeni, mkatalie. Pedi haifiki mwisho kabisa wa ukingo, kwa hiyo pale pembeni hubaki mdomo wa chuma na kutu, na vania ikikaa juu ya ule mdomo itakwambia diski bado nene wakati katikati imeliwa.

Pedi mpya huwa na milimita 10 hadi 12 za kusugulia, bila kuhesabu bati la nyuma. Ikibaki 3, itoke. Huo mlio unaokata ukigusa breki, mara nyingi ni kibati cha onyo kilichofungwa kwenye pedi kimeanza kuikwaruza diski. Kwa hiyo kuhusu pedi za mbele fundi wako hajakudanganya.

Usukani ukitetemeka wakati wa breki, anza kutafuta mbele. Tatizo la nyuma kwa kawaida linakuja kwenye kiti na kwenye pedeli. Katika yote uliyoandika sijaona dalili hata moja ya diski za nyuma.

Na hili la "zimepinda" mafundi tunalisema kirahisi mno. Mara nyingi diski haijapinda, ila unene wake umekuwa haulingani mzunguko mzima. Tofauti ya milimita 0.02 inatosha kutikisa usukani. Inaanza hivi: diski inafungwa juu ya habu (kitako cha chuma kinachobeba gurudumu) yenye kutu, inayumba kidogo sana, kila ikizunguka inaigusa pedi sehemu ileile hata kama hujakanyaga breki, na kilomita kwa kilomita ile sehemu inaliwa. Ndiyo maana mtu anaweka diski mpya kabisa, baada ya miezi michache mtetemo umerudi, analaumu spea. Hakuna aliyesugua ile kutu.

Sasa tuje kwenye pesa. Ufundi wa pedi na ufundi wa diski kwenye ekseli moja si kazi mbili. Huwezi kuifikia diski bila kupita kwenye pedi. Tairi limeshatoka, kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) imeshafunguka, pedi zimo mkononi. Kinachoongezeka ni boliti mbili za kishikio cha kalipa kila upande, kuibandua diski, na kusafisha habu. Labda diski iwe imegandia kweli, vinginevyo hata saa moja ya ziada haifiki. Mtu akikutoza ufundi kamili wa pedi, halafu ufundi kamili wa diski, unalipia tairi lilelile kuvuliwa mara mbili. Unapopigwa ni hapo, kwenye bei ya vyuma si sana.

Mwendapole

Duh. Hilo la ufundi mara mbili nisingeliona maisha. Nilipoisoma bili macho yalikwenda kwenye diski tu.

Kitasa

Swali kwa fundi. Kwani diski si zinachongwa? Zamani ilikuwa ndiyo kawaida, unapeleka kwenye mashine zinarudi kama mpya.

FundiMkongwe

Zinachongwa, ila kuchonga kunakula ule unene ambao ndio uhai wa diski. Kama baada ya kuchonga itabaki chini ya MIN TH, umelipia kazi ya kuiharibu. Diski za magari madogo siku hizi hazina bei ya kutisha, ukijumlisha kufungua, kuchonga na kurudisha unakuta umekaribia bei ya mpya. Kwa magari makubwa yenye diski za gharama, bado inalipa. Hasa ile mashine inayochonga diski ikiwa imefungwa kwenye gari, kwa sababu inaondoa na kuyumba kwa habu kwa mpigo mmoja.

Dada Vipuri

Mimi niko upande wa kuuza spea, niongezee kidogo.

Mleta uzi usinunue pedi kwa kuangalia boksi, boksi linachapishwa na yeyote. Angalia pedi yenyewe. Kwenye bati la nyuma au ukingoni kuna mlolongo wa herufi na namba, na karibu na mwisho utaona herufi mbili kama EE, FF au GG. Hizo zinaonyesha msuguano: ya kwanza ni pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto sana. F ni kati ya 0.35 na 0.45, E iko chini yake, G juu yake. FF inatosha gari la kawaida la kila siku. Ukiona FE, ujue inapungua nguvu ikipata moto, na kwenye mteremko mrefu huo ndio wakati unaoihitaji.

Kwa pedi zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya tafuta alama ya E ndani ya duara pamoja na 90R. Maana yake zimepimwa, na uwezo wake haupishani na pedi za awali za gari kwa zaidi ya asilimia 15. Herufi hizi hazikuhakikishii kwamba pedi zitadumu, ila pedi isiyo na maandishi yoyote mimi siiuzi.

Pedi za seramiki zina bei juu, vumbi dogo, kelele kidogo. Zenye chuma ndani zinavumilia joto lakini zinaila diski haraka zaidi. Kwa gari dogo la mjini usijichoshe sana na mjadala huu, watu wanaupenda kuliko unavyostahili.

SpanaNamba13

Na akinunua spea mwenyewe akampelekea fundi?

Dada Vipuri

Ataokoa faida ambayo gereji inaweka juu ya spea. Lakini zikipiga kelele, fundi atasema ni spea zako, na muuzaji atasema ni ufungaji wa fundi. Akiamua hivyo, waelewane kabla ya kazi kwamba fundi anawajibika kwa ufungaji, na ikae kwenye karatasi.

Mwendapole

Wakuu nimerudi na vipimo. Yule fundi wa kwanza maikromita hana. Nimekwenda gereji nyingine, nimelipia ukaguzi peke yake, wamevua yote manne mbele yangu.

Mbele kushoto: pedi ya ndani milimita 2, ya nje 6. Diski 20.3.
Mbele kulia: ndani 4, nje 5. Diski 20.6.
Diski za mbele zimegongwa MIN TH 20.
Nyuma pedi zote ziko kati ya 6 na 7. Diski 8.7 kote kuwili, MIN TH 8.

FundiMkongwe

Hapo sasa tunaongea. Nyuma funga, usiguse. Labda kama pini zinasumbua zisafishwe, basi.

Mbele badilisha diski pamoja na pedi. Najua 20.3 haijavuka mstari. Lakini pedi mpya zitadumu kuliko hiyo milimita 0.3 iliyobaki, katikati ya safari utakuwa chini ya kikomo, na hapo ndipo maneno ya Bi Gia ya kulipa ufundi mara ya pili yanatimia. Tena una mtetemo. Kulia na kushoto kwa pamoja, usibadilishe upande mmoja, gari litavuta upande ukikanyaga kwa nguvu.

Kilichonishtua mimi ni hiyo 2 kwa 6 ya kushoto, kuliko diski zote. Pedi mbili za kalipa moja zinatakiwa ziishe kwa kukaribiana. Ya ndani ikiliwa hivyo, ama pini za kalipa zimekauka haziteleziki, ama pistoni hairudi vizuri. Ukiweka pedi na diski mpya bila kugusa hilo, utabadilisha tena upande huohuo. Pini zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi hapana, inavimbisha mipira ya pini zinanasa tena. Pistoni wairudishe ndani taratibu waone kama inakwenda laini. Ikigoma, kalipa ifanyiwe matengenezo ya mipira au ibadilishwe. Hiyo ni gharama nyingine, ila bora uijue leo.

Bili yako ya kwanza ilikuwa na diski nne na haikuwa na neno hata moja kuhusu kalipa.

Bi Gia

Hapo nimekubali kwa nyuma. Kwa mbele nilikuwa sahihi, tuandikiane hivyo.

FundiMkongwe

Kwa mbele uko sahihi mama, nasaini.

Kitasa

Na mafuta ya breki? Kubadilisha pedi si hakuhitaji kufungua mfumo?

FundiMkongwe

Kweli, pedi na diski zinabadilishwa bila kulegeza mpira wa mafuta hata mmoja. Kwa hiyo mafuta hayaingii kwenye bili kwa sababu ya pedi. Yanaingia kwa sababu ya umri. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu, na watengenezaji wengi wa magari wanataka yabadilishwe kila miaka 2. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ikishashiba maji kiwango kinashuka hadi 155. Yakichemka kwenye mteremko, pedeli inazama na gari halisimami. Kama mleta uzi hakumbuki yalibadilishwa lini, ayabadilishe. Aweke aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa ya mafuta, na DOT 5 ya silikoni asiichanganye humo.

Mwendapole

Bili mpya kutoka gereji ya pili: pedi za mbele, diski mbili za mbele, ufundi wa ekseli ya mbele mara moja tu, kusafisha pini kalipa zote mbili za mbele, mafuta ya breki pamoja na kutoa upepo. "Mengineyo" niliwaomba wayataje kwa majina, yakawa klipu za pedi, dawa ya kusafishia na grisi. Jumla ni chini kidogo ya nusu ya ile ya kwanza. Pistoni wameiangalia, inarudi. Pedi na diski za zamani nimesema nizikute kwenye boksi.

Wanaanza kesho. Kuna cha kusimamia wakati wa kazi?

FundiMkongwe

Vichache. Habu isuguliwe mpaka chuma kionekane kabla diski haijakaa. Diski mpya zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu, yafutwe kwa dawa ya breki, si kwa kitambaa kikavu. Kalipa isining'inizwe kwa mpira wake wa mafuta, wafunge waya. Vumbi la pedi lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, huo ni ugonjwa wa mapafu mnagawana wote mliopo. Nati za tairi zikazwe kwa spana ya kupima nguvu, kwa kiwango cha kitabu cha gari. Bunduki ya upepo ikikaza nati ovyo, nayo inaweza kuirudisha ile kuyumba tuliyotoka kuihangaikia.

Kabla gari halijasogea, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwa sababu pistoni zimesukumwa ndani na kanyago la kwanza huwa linazama. Hili hata kama fundi anasema kashafanya, fanya na wewe.

SpanaNamba13

Na kuzizoesha pedi na diski mpya?

FundiMkongwe

Tafuta barabara isiyo na magari. Nenda 50, punguza kwa breki ya wastani mpaka kama 10, achia, ongeza tena. Rudia kama mara kumi, ukiacha zipumue katikati. Usisimame kabisa na mguu ukiwa kwenye pedeli wakati zina moto, pedi itaacha alama yake hapohapo kwenye diski na mtetemo utauanzisha wewe mwenyewe. Kilomita 200 au 300 za mwanzo epuka breki za ghafla kama hali inaruhusu.

Harufu kidogo siku ya kwanza usiiogope. Lakini rimu moja ikiwa ya moto kupita mwenzake wa upande wa pili, kalipa haijaachia. Rudisha gari siku hiyohiyo.