Nani ataamini vita dhidi ya rushwa vinavyoongozwa na mtuhumiwa?

Swali
Ndugu zangu, kila vita dhidi ya rushwa inapotangazwa, dagaa hunaswa na papa huendelea kuogelea. Je, chombo kilichoundwa na serikali inayotuhumiwa kinawezaje kuaminiwa?

Jibu la kwanza
Tazama Hong Kong, wakati huo ikiwa koloni la Uingereza chini ya gavana. Mwaka 1973 ofisa mwandamizi wa polisi, Peter Godber, alitorokea Uingereza akiwa anachunguzwa kwa mali asiyoweza kuieleza, na hasira ya umma ikawa kubwa kiasi kwamba mwaka 1974 iliundwa tume huru, iliyotengwa na polisi na kuwajibika moja kwa moja kwa gavana. Godber alirudishwa mwaka 1975, akashtakiwa na kufungwa. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo moja ilizidi hotuba mia.

Jibu la pili
Nakubali, ila usiruke mwaka 1977, polisi walipoasi na baadhi yao kuvamia ofisi za tume, hata gavana akalazimika kusamehe makosa mengi ya nyuma. Msamaha huo ulikuwa shubiri.

Mwuliza swali
Na mlinzi je, analindwa na nani?

Jibu la pili
Hapo ndipo penye uzito. Tume hiyo ina kamati ya kupitia uchunguzi, ambayo wajumbe wake wengi ni raia, ili jalada lisifungwe kimyakimya.

Jibu la tatu
Tusisahau dirisha la karani: ada ikibandikwa ukutani na risiti ikitolewa papo hapo, "chai" hukosa pa kujificha.