Nyumba mpya Kira, madirisha ya alumini, na kuvu ukutani kwa watoto

MamaPacha_Kira
Jamani, naomba msaada. Mwezi wa pili tulihama kutoka muzigo, yaani vile vyumba vya kupanga vya safu, wa vyumba viwili kule Nsambya, Kampala, tukapanga nyumba mpya huku Kira, kando ya jiji. Vigae, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini ya kusukuma. Nilifurahi mno. Mvua za Aprili zilipoanza, ukuta wa chumba cha watoto ukaota madoa meusi nyuma ya kabati. Nafuta kwa jiki, wiki mbili yamerudi. Usiku tunafunga kila kitu kwa ajili ya mbu na wezi, na asubuhi nikiingia mle hewa ni nzito, kama ya gunia lililolowa. Mmoja wa pacha anakohoa kila alfajiri.

Na kuna hili, ambalo bado linanitetemesha. Juzi gesi iliisha, mvua inanyesha, nikaingiza sigiri, jiko la makaa, jikoni maharage yamalizikie humo. Nikafunga mlango wa nje. Baada ya muda kichwa kikanigonga, na binti yangu akatapika. Nilidhani ni chakula. Kule kwenye muzigo nilipikia barazani miaka sita, hatukuwahi kuugua hivi. Nyumba hii ina kasoro gani?

Nesi_Mbale
Mama pacha, pole sana, na ushukuru Mungu. Hicho hakikuwa chakula. Makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo makaa yaliyoiva vizuri, yasiyo na moshi, ndiyo yanayodanganya watu. Hujishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu ikishajaa hiyo, mtu analegea na kusinzia, hata mlango hawezi kuufikia. Ikitokea tena, toeni watu nje kwanza, kisha hospitali. Sigiri isiingie ndani, hata ikibaki majivu mekundu tu. Na huyo anayekohoa apelekwe akapimwe, msingoje ukuta upone.

Fundi_Jinja
Dada, mimi ni mwashi, miaka kumi na tisa sasa. Muzigo wako wa Nsambya ulikuwa na matundu juu ya madirisha, sivyo? Yale matofali yenye vitobo. Hayakuwa pambo. Hewa ya moto hupanda, ikatokea pale juu, na ya baridi ikaingia chini ya mlango, usiku kucha, hata dirisha likiwa limefungwa. Siku hizi wenye nyumba wanatuambia tuyazibe ili nyumba ionekane ya kisasa na vumbi lisiingie. Nimeyaziba mengi kwa mikono yangu na inaniuma. Tena dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, hata ulisukume vipi.

Pumzi za watoto, mvuke wa sufuria, nguo mnazoanika ndani wakati wa mvua: unyevu wote huo hauna pa kutokea. Unagonga ukuta wa baridi, na nyuma ya kabati hewa haipiti kabisa. Jiki inaua kuvu la leo tu.

Kwanza angalia doa limeanzia wapi. Likipanda kutoka sakafuni, maji yanatoka kwenye msingi, na hiyo ni kazi nyingine. Likishuka kutoka darini, bati linavuja. Kama liko katikati, nyuma ya kabati, ni hewa. Sogeza kabati shibiri moja kutoka ukutani, kisha omba ruhusa utoboe matundu juu, pande mbili zinazotazamana. Upande mmoja hautoshi, hewa lazima ipate pa kuingilia na pa kutokea. Weka wavu wa mbu, na tundu liinamie nje ili mvua isiingie.

Kijana_wa_Bweyogerere
Fundi, sisi tuko kando ya barabara ya maramu. Tukifungua tunameza vumbi. Tufanyeje?

Nesi_Mbale
Tazama vipimo vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, wana vifaa vya kupima uchafu wa hewa Kampala nzima. Mara nyingi asubuhi na jioni ndiyo mbaya zaidi, magari na majiko pamoja. Fungueni mchana, na upande usio wa barabara. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linataka wastani wa mwaka wa chembe ndogo sana za vumbi na moshi hewani (PM2.5) usizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo. Sisi tuko mbali sana na hapo, kwa hiyo angalau tusiongeze moshi wa ndani.

MamaPacha_Kira
Doa liko katikati, nyuma ya kabati. Mwenye nyumba amekubali, mradi nilipe mwenyewe. Fundi, na jikoni nako nitoboe juu tu?

Fundi_Jinja
Jikoni toboa na chini pia, karibu na sakafu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala chini, tundu la juu haliitoi.

MamaPacha_Kira
Mtungi wangu uko ndani ya kabati la sinki, milango imefungwa. Nautoa sasa hivi.