Yule wa "nimewatengenezea mtambo" amenivunjia heshima mbele ya mahamri

Jamani, naandika mkono unatetemeka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa helmeti ya njano, fundi wa vitu visivyoharibika.

Si alituomba kundi zima la baiskeli tumpe ruhusa ya akaunti zetu za Strava, ile programu ya kurekodi safari? Ati ameandika kijifankisheni, yaani kijiprogramu, kakiweka klaudi, kwenye Lambda, huduma ya Amazon ya kuendesha programu. Hakuna seva ya kulea: kinalala tu, ukipakia safari kinaamshwa, kinatazama ulipoanzia na ulipoishia, ikiwa ni nyumbani na kazini kinapiga alama "safari ya kazini", kinarudi kulala. Miito milioni 1 kwa mwezi bure. Tukampigia makofi, wajinga sisi.

Jana Jumapili nimetoka Maweni, hapa Malindi, alfajiri, Watamu kwa njia ya Gede na kurudi, zaidi ya kilomita 40, na wakati wa kwenda kusi lanipiga usoni kama linanidai. Nikamalizia kwa mama wa mahamri, ukuta mmoja na ofisi yetu. Mtambo ukakata shauri: huyu alikuwa anakwenda kazini! Kilomita zangu zote nje ya jedwali la mwezi, maana za kazini hatuhesabu.

Leo asubuhi namuuliza kwa adabu, watu wameketi na chai zao. Anajibu bila hata kugeuka: "Kwani uongo? Kazi yako si mahamri?"

KAZI YAKO SI MAHAMRI. Mama mwenyewe alicheka mpaka yakaungua karaini. Mahamri! Mimi!

Pedali_Moja: Swali dogo tu. Ulikula mangapi?

Mwenye uzi: Manane. Haihusu.

Fundi_Wingu: Kosa ni duara. Ukiweka mita 500 kuzunguka ofisi, kwa Malindi umemeza nusu ya mji. Apunguze, halafu aangalie siku ya wiki na urefu wa safari. Na akumbuke kuijibu arifa ya Strava ndani ya sekunde 2, kazi yenyewe aifanye baadaye. Tokeni nazo, zile funguo za ruhusa ya akaunti, hufa baada ya saa 6, asipozihuisha...

Mwenye uzi: Ndugu, sikuomba darasa. Nimeambiwa kazi yangu ni mahamri.

Mla_Mbaazi: Manane lakini.

Wa_Langoni: Nyinyi mna barabara mwalia. Huku Lamu nikiingia kichochoroni na baiskeli nikakutana na punda, mmoja lazima arudi nyuma. Punda hajarudi hata siku moja.

BintiMuyeye: Afadhali wewe. Mimi niliomba ruhusa ya ugonjwa, nikaenda harusini jirani na shule. Mtambo ukatangaza nimefika kazini. Mwalimu mkuu yumo kundini.

Mla_Mbaazi: 😂😂 Ukaponaje?

BintiMuyeye: Sijapona.

Pedali_Moja: Mtu huyo huyo ana pampu yangu ya mguu. "Dakika kumi tu", tangu Ramadhani.

BintiMuyeye: Ya bluu, mpini umefungwa kamba? Iko kwangu. Aliniazima, akasema yake.

Pedali_Moja: YAKE??? Naja sasa hivi.

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye mada.

BintiMuyeye: Pedali, ukija pitia kwa mama, niletee manne.